Futa Vyangu, Rudisha Vyako

Kambini, mashamba ya miwa, Kilombero
Jumapili, mwezi wa kumi

Minza mwanangu,

Tangu nitoke nyumbani pamba imevunwa na kuuzwa, na sasa watu wa kwetu wanasafisha mashamba wapande tena, na mimi bado niko huku. Nilikuacha unasubiri matokeo. Kesho alfajiri unapanda basi kwenda chuo, na wa kukusindikiza stendi ni mama yako peke yake.

Kabla sijasema neno lingine: kama ujumbe wa asubuhi haujakufikia, usilimwage lile pipa la taka la kwenye kompyuta. Usimruhusu mtu yeyote alimwage, hata Shija fundi. Vitu vyako ulivyovifuta havijapotea. Vimo mle ndani ya pipa. Ukisoma hapa tu, acha kusoma, kaviangalie, kisha urudi.

Leo hatukati miwa. Nimekaa nje ya bweni, karatasi nimeiweka juu ya dumu lililopinduliwa, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka. Nikimaliza, Lameck atapiga picha ukurasa mmoja mmoja akutumie. Lameck ni mtu wa Kigoma, analala kitanda cha juu yangu, na ndiye mwenye simu ya maana katika chumba chetu. Yangu ni ile ile ya tochi. Mtandao huku unapatikana ukisimama juu ya trela la miwa. Asubuhi alipanda, akakutumia ule ujumbe wa pipa, akakaa kule juu akisubiri, akashuka akaniambia, "Tiki moja tu, mzee. Binti yako amezima data."

Nikamwambia, "Panda tena."

"Nikipanda tena msimamizi atadhani nimeanza kuhubiri."

Amepanda tena hata hivyo. Bado ni tiki moja, na nikipiga simu ya kawaida naambiwa hupatikani. Kwa hiyo naandika nikiwa sijui kama nimewahi au nimechelewa, na nina haraka. Nisamehe mwandiko. Lameck ameshaniambia, "Andika herufi kubwa, simu yangu haijavaa miwani."

Sikuandikii habari za chakula, wala za wavulana, wala za kufunga begi. Hayo mama yako ameyasema tangu mwezi uliopita na atayasema mpaka dereva awashe gari. Nakuandikia habari za laptopu, maana nimeyafanyia ujinga mwingi yaliyomo ndani yake, na sitaki ujinga huo usafiri nawe.

Uliponipigia Ijumaa kwa simu ya Lameck ulisema, "Baba, bado ni nyekundu." Nikajua unasema ule mstari wa diski C, unaoonyesha nafasi imejaa. Nikakuuliza umefuta nini. Ukasema, "Vya kwangu. Notisi zote za kidato cha tano na cha sita. Picha za mahafali. Zile tulizopiga na Neema kule bwenini. Vyako sijagusa hata kimoja, Baba." Nikamsikia mama yako nyuma yako anasema, "Na asiviguse. Baba yake akirudi atafanya kazi gani?" Halafu simu ikakatika, salio limeisha.

Nilibaki nimeishika ile simu mpaka Lameck akaichukua mkononi mwangu.

Jumamosi nilikata vibaya. Muwa unakatwa chini kabisa, karibu na udongo, maana sukari iko chini. Mimi nilikuwa nakata juu, mawazo yangu yako kwako. Msimamizi akapita akasema, "Wewe Msukuma, huku juu unamnyoa nani?" Watu wakacheka. Nami nilicheka. Lakini niliona aibu nyingine ambayo wao hawakuijua, kwamba mtoto wangu amefuta miaka yake miwili ya shule ili nyimbo zangu za mnadani zipate pa kulala.

Na wewe hukuwa na kosa. Nilipoondoka nilisimama mlangoni nikasema, "Ile folda ya KAZI asiiguse mtu." Nililisema kwa ukali, kama mtu anayeaga ng'ombe wake. Wewe ulitii neno la baba. Neno hilo aliyelisema ni mimi, na hakuna mwingine wa kulitangua. Sasa nalitangua. Soma mpaka mwisho ujue kwa nini, usije ukadhani ni homa ya huku.

Kwanza hilo pipa. Kompyuta ukiiambia futa, haifuti. Inachukua kile kitu inakiweka kwenye pipa, na nafasi yake inabaki imekaliwa vile vile. Ndiyo maana ulifuta vyote ulivyokuwa navyo na mstari haukusogea. Ulidhani umeshindwa. Nashukuru ulishindwa. Fungua pipa, tafuta notisi na picha zako, bonyeza upande wa kulia wa kipanya, chagua lile neno la kurudisha. Kila kimoja kitarudi mahali kilipotoka. Ukishahakikisha vimerudi, umevifungua, umejiona umevaa joho la mahafali, hapo ndipo pipa limwagwe.

Mimi hili la pipa nilijifunza kwa aibu. Unaikumbuka ile siku laptopu ilipokataa kuwaka, wewe ulikuwa darasa la sita? Ilikuwa imejaa, nikaingia mwenyewe kupunguza. Mimi niliishia la saba, Kiingereza changu ni cha kusoma gunia la mbolea. Nikakuta folda ina majina marefu nisiyoyaelewa, nikasema huu ndio uchafu wenyewe, mtu gani ameweka uchafu humu. Nikafuta nilivyoweza, nikamwaga pipa, nikafurahi kuona nafasi. Kuizima na kuiwasha, kioo cheusi. Nikaipeleka kwa Shija, Bariadi. Akaiwasha, akaizima, akaniangalia.

"Mzee, umeng'oa nguzo ukabakiza rangi ya ukuta."

"Lakini ilikuwa imejaa."

"Nyumba ikijaa watu unatoa watu. Hutoi nguzo."

Alicheka mpaka wateja wake wakaja kuniangalia. Lakini neno lake ni la kweli na nakupa wewe. Usichokijua jina lake, usikifute. Kuna ile programu yake yenyewe ya kusafisha diski, Shija alikuonyesha mahali ilipo. Hiyo inajua uchafu wake, mabaki ya masasisho ya zamani na mafaili ya muda. Weka alama, iache isafishe. Humo hamna mtu wala wimbo, hutamuumiza yeyote. Usiizime katikati hata ikikawia, na uiweke mezani, siyo kitandani, maana ile feni yake imezeeka na ikikosa hewa inazimika yenyewe.

Lakini hiyo haitatosha. Najua ukubwa wa diski ile na najua kilichoijaza.

Nilikuambia habari za ng'ombe wa guku, babu yako, ila nilikuwa nakuambia kama sifa, kwamba sisi tulikuwa na zizi. Sikukuambia lilivyoisha. Mwaka ule wa ukame nilikuwa kijana, sijamwoa mama yako. Nyasi ziliisha kuanzia kwetu mpaka Shishiyu. Bwana mifugo alikuja na pikipiki, akasimama zizini, akamwambia baba, "Mzee, punguza. Wauze hawa wakiwa bado na nyama, ubaki na wachache uwalishe."

Baba akamjibu, "Kijana, wewe kwako watoto wakiwa wengi unauza wangapi?"

Wazee waliokuwepo wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Ng'ombe kwetu hauzwi kwa sababu ni mwingi. Anauzwa kwa mahari, kwa ugonjwa, kwa msiba. Kumuuza ili wengine wale, hilo neno hatukuwa nalo. Basi wakaanza kulala chini na kutoamka. Asubuhi tulikuwa tunawainua kwa kuwashika mkia na pembe, watu wanne kwa ng'ombe mmoja, akisimama anatetemeka, tukimwachia analala tena. Mwishoni hata kuwainua tuliacha. Baba alikaa zizini anawaita kwa majina. Alikuwa anaita jina, anaangalia kama kuna sikio litakalosogea.

Mimi nilisema moyoni, sitakuwa mjinga kama huyu. Halafu nikaja kuwa na diski.

Mtamba niliyemuuza kununua ile laptopu alikuwa wa mwisho katika uzao wa zizi lile. Mama yako hakunisemesha siku kadhaa. Lakini baadaye alinisemesha, maana kazi ilikwenda. Unaujua mnada wa Lagangabilili ulivyokuwa. Nafunga betri na spika nyuma ya baiskeli, naweka mwavuli, nafungua laptopu, na watu wanapanga foleni na memori kadi zao. Sikuwa naita mteja. Mzee mmoja kila mnada alikuwa anakuja na neno lile lile, "Nijazie za mbina, ngoma zetu. Hizo za Dar zinaongea sana hazisemi kitu." Vijana nyuma yake wanamzomea, "Guku, jaza na moja ya mapenzi, huenda bibi akakurudia." Anawajibu bila kugeuka, "Bibi yenu hajawahi kuondoka, ninyi ndio hamna anayekuja." Nilikuwa najaza hadi jua linazama, na kila nilichojaza nilibaki nacho. Wimbo ukitoka, naupata, naweka. Filamu ikitafsiriwa, naweka. Nilikuwa naiangalia ile folda inavyonenepa kama mtu anayeangalia zizi lake jioni.

Na ngoma, na harusi, na misiba. Nilianza kurekodi mbina zikishindana, kundi la Bagika huku, la Bagalu kule, watu wakanijua, wakaanza kuniita na kwenye mazishi. Hapo ndipo lilipotokea lile la diski ya nje. Unalikumbuka, maana walikuja mpaka nyumbani. Laptopu ilijaa, nikanunua diski ya nje, nikahamisha harusi na mazishi ya msimu mzima. Sikunakili. Nilikata nikabandika. Mvua ilikuwa inakuja, nina haraka ya kufunga mizigo, nikachomoa waya kabla haijamaliza. Nyumbani nafungua, folda ziko, ndani hamna kitu. Na kule zilikotoka hamna kitu pia. Yule kijana aliyeoa msimu ule alisimama uani kwetu akasema, "Sasa mimi nimeoa au sijaoa?" Watu walicheka, lakini waliofiwa hawakucheka. Mzee mmoja alikuwa amezikwa na watu wa vijiji vitatu, na picha yake pekee ya maisha yake yote ilikuwa ile ya siku tunamfukia. Watoto wake hawajanisalimia mpaka leo.

Baada ya hapo niliapa sitafuta tena kitu. Nilidhani nimejifunza. Nilichojifunza ni woga. Mtu aliyepoteza kwa kuwa na haraka anadhani dawa yake ni kushikilia kila kitu, na mimi nilishikilia. Nilichotakiwa kujifunza ni kidogo tu: nakili kwanza, fungua nakala uitazame mpaka mwisho, ndipo ufute ya zamani. Mpaka mwisho, Minza, siyo mwanzo tu. Faili bovu mwanzo wake huwa mzima.

Kisha kazi ikafa. Haikufa kwa ghafla, ililala chini taratibu kama wale ng'ombe, na mimi nikawa naiinua kwa mkia. Foleni ikapungua. Yule mzee wa mbina akafariki. Siku moja nimekaa chini ya mwavuli tangu asubuhi, akapita kijana na simu ya kugusa, nikamwita. Akaja kwa heshima, akachuchumaa.

"Baba, siku hizi nyimbo ziko hewani."

"Hewani wapi? Mbona mimi sizisikii?"

"Unanunua bando, unaandika jina, unasikiliza. Huhifadhi kitu."

"Na bando likiisha?"

"Unanunua lingine."

Nikamwambia hiyo ni kazi ya kipumbavu, kununua maji ya kunywa kila siku wakati mtungi upo. Akanicheka kwa adabu akaondoka. Wateja wangu wa siku ile walikuwa wawili, mmoja alikuja kuchaji simu. Na bado jioni nilirudi nikaongeza nyimbo mpya. Bwana mifugo hakuja safari hii kuniambia punguza, lakini angekuja ningemjibu kama baba alivyomjibu.

Huku nilikuja kwa sababu hiyo, na unajua. Sikukuambia nilivyokuwa nalala. Ukikata miwa iliyochomwa unarudi mweusi, pua imejaa majivu, mgongo hautaki kunyooka hata ukilala. Watu wengine humu ndani wakilala wanawaza mashamba yao. Mimi nilikuwa naiwaza ile folda ya KAZI. Nasema iko pale, imejaa, inanisubiri, nikipata mtaji wa spika mpya nitaanza tena. Nimejiliwaza nayo msimu mzima. Kumbe wakati mimi najiliwaza, wewe ulikuwa unajibana pembeni ya kompyuta yako kama mgeni, unatafuta pa kuweka notisi zako.

Chuo kimesema kila mwanafunzi wa upimaji ardhi afike na kompyuta iliyowekwa ile programu ya kuchora ramani. Ulinisomea ile karatasi. Umesema programu ile ni kubwa na mara mbili imekataa kuingia kwa kukosa nafasi. Asiyekuwa nayo wiki ya kwanza atatazama wenzake. Mimi najua kutazama wenzako kunaanzaje na kunaishia wapi. Darasani kwetu vitabu vilikuwa vichache, nilikuwa nasoma kwa kuchungulia begani mwa mtu, na aliyekuwa akigeuza ukurasa hakuniuliza kama nimemaliza. Naogopa hilo zaidi, kuliko safari yako na kuliko mji. Nilikwenda kwa msimamizi kuomba ruhusa nije mwenyewe, nikae na wewe jioni moja tu, tuifungue pamoja. Akasema, "Nenda, baba. Ila panga lako utalikuta mkononi mwa mtu mwingine." Na ada yako ya muhula wa pili iko kwenye panga hilo. Nikarudi kukata.

Sina kitu kingine cha kukupa, mayu, mama yangu. Kompyuta mpya sina. Diski ya nje sina. Nina folda moja iliyojaa vitu ambavyo hakuna mtu anayevitaka.

Kwa hiyo ifute.

Mama yako atakataa. Msomee sehemu hii. Mama Minza, najua ulivyouliza, nikirudi nitafanya kazi gani. Swali ni la haki. Jibu ni kwamba nitalima, na nisipoweza kulima nitachunga ng'ombe wa watu. Kazi ile haimo tena ndani ya ile kompyuta. Ilitoka siku nyingi, tumebaki tunalinda ngozi. Ulinikasirikia nilipouza mtamba, ukakaa kimya, na ukimya wako ulikuwa na akili kuliko maneno yangu mengi. Safari hii nakuomba usikae kimya, mwambie mtoto afute.

Sasa kuna folda ya WATU, ile ya ngoma, harusi na misiba. Hiyo ni nyingine, usiichanganye.

Mama yako alinieleza kwamba Mayu Holo alikuja. Alisikia kwa majirani kwamba kompyuta imejaa na kuna vya kutolewa, akaja na bakuli la michembe, vile viazi vikavu, akakaa kizingitini, akauliza, "Nasikia mnapunguza watu. Na Masunga wangu yumo?" Masunga mwanawe unamkumbuka, yule mchezaji aliyekufa na pikipiki. Ndani ya laptopu yetu anacheza mbina, anaruka, kifua kina jasho, anacheka na mtu aliye nyuma ya kamera, na mtu huyo ni mimi. Mama yake ana desturi ya kuja kumtazama, na sisi tumezoea kumfungulia kama mtu anayekuja kuchota maji. Kwa wazee wa aina yake, kufuta sura ya marehemu siyo jambo la kompyuta. Ni kumwambia masamva, wale wazee wetu waliotangulia, kwamba hatumtaki tena. Usimcheke. Mimi mwenyewe sijui niamini nini, lakini nilimwona yule mzee wa vijiji vitatu alivyopotea mikononi mwangu, na sijalala vizuri tangu siku ile.

Watu hawafutwi. Ila humo pia kuna ujinga wangu. Kila mbina niliihifadhi mara tatu: ile mbichi kama ilivyotoka kwenye kamera, ile niliyoikata na kuipanga, na ile ndogo ya kuingia kwenye simu za batani. Ile mbichi ndiyo kubwa. Ile iliyopangwa ukiifungua ukaiona nzima mpaka mwisho, mbichi yake unaweza kuiacha iende. Usifanye hilo leo kwa haraka. Leo futa KAZI tu, inatosha programu kuingia. WATU wapunguze nakala zao ukiwa chuoni, taratibu, mmoja mmoja, umekaa.

Lakini kuna mmoja wa leo. Kompyuta ikiondoka nawe, Mayu Holo atamtazamia wapi mwanawe? Mwite. Ana ile simu yake ndogo, ina mahali pa memori kadi, niliwahi kumwekea nyimbo za kanisa. Chukua ile ndogo ya Masunga, inakili kwenye kadi yake. Nakili, usikate. Subiri mpaka imalize, usichomoe kwa sababu mtu anakuita ule. Rudisha kadi kwenye simu yake, cheza, mtazame pamoja mpaka mwisho. Atataka kukupa kitu. Michembe pokea ule njiani, kingine chochote kataa. Ukifanya hivyo utakuwa umemaliza kazi niliyokuwa naifanya chini ya mwavuli, na utakuwa umeifanya kwa mtu anayeihitaji.

Kama ujumbe wangu ulichelewa na pipa limeshamwagwa, nisikilize vizuri. Usilie mpaka basi likuache. Notisi zipo kwa Neema, umwombe akunakilie. Picha za mahafali Shija anaweza kujaribu kuzifufua, lakini anaweza tu kama hujaongeza kitu juu yake, na wewe lazima uongeze ile programu. Nenda na programu. Sura yako unayo. Mimi nitabaki na deni la picha zile maisha yangu yote, na ni haki nibaki nalo.

Na huko uendako, vitu vitajaa tena. Vitajaa, ndivyo vilivyo. Watu watakupa vyao uwatunzie, na wewe mwenyewe utapenda vitu ambavyo vimeshakufa kwa sababu vilikutoa mbali. Sitakufundisha namna ya kujua kipi ni kipi, maana mimi nimekosea karibu kila safari. Nakuambia tu kwamba ukijikuta unafuta vya kesho ili kubakiza vya jana, simama, piga simu. Hata kwa mtu mjinga kama mimi.

Lameck amepanda trela tena. Nimemwona kutoka hapa, ameinua simu juu, anazunguka. Amepiga kelele, "Bado, mzee." Ninaendelea.

Utakapoichagua ile folda ya KAZI na kusema futa, kompyuta itakuuliza. Ile ni kubwa mno, haitaingia kwenye pipa. Itakuambia kwamba ikifutwa inaondoka moja kwa moja, haitapitia popote, haitarudi, na itakuuliza kama una uhakika. Nilishaliona swali lile mara nyingi, nikiwa nimeweka mkono pale pale, na kila mara nilibonyeza hapana. Usinisubiri. Usinipigie kuniuliza tena, naweza kusema hapana nikiisikia sauti ya mama yako. Una uhakika. Bonyeza ndiyo, uiache imalize, uangalie ule mstari ukibadilika rangi, kisha uweke programu yako.

Kiwanda kinafunga mvua kubwa zikianza huku, magari yakishindwa kuingia mashambani. Wenyeji wanasema ni kabla ya Krismasi. Nitapanda basi siku ile ile nitakayolipwa, nitashuka Bariadi, na nitafika nyumbani mama yako akiwa bado anapalilia. Natarajia hivyo. Nitakuja na jembe tu.

Baba yako